Ushanga wa Bi Tabu

Hapo zamani, na wewe unayesinzia huko nyuma amka, palikuwa na kijiji cha wapika chumvi. Walichota maji ya chemchemi ya chumvi, wakayachemsha vyunguni mpaka yote yakapanda hewani kuwa mvuke, ikabaki chumvi nyeupe pee.

Huko aliishi Bi Tabu na wajukuu zake watatu: Sikitu, Zabibu na Havijawa. Kitu chake cha thamani kilikuwa kimoja tu, ushanga wa kaharabu, utomvu wa mti uliogeuka jiwe, alioachiwa na marehemu mama yake. Kila Ijumaa aliuosha kwenye maji ya chemchemi, nao ukaelea. Kijiji kizima kikaamini kwamba ushanga ule hauzami kamwe.

Havijawa akauazima avae harusini. Weee, maringo yake sasa! Akajigamba kuwa hauzami, na wageni walipokataa kuamini, akawaambia, "Hamwamini? Tazameni!" Akaudondosha kwenye ufa wa mwamba uliojaa maji ya mvua.

Chubwi! Ukazama mpaka chini kabisa. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, mkono unaishia kiwikoni, na kina chake kinapita urefu wa mtu.

Bi Tabu alilia mpaka sauti ikakauka. "Leo nimemzika mama yangu mara ya pili! Atakayeutoa, utakuwa wake."

Watu wakachokoa kwa fimbo, wapi! Sikitu yeye alikaa kitako akiwaza.

"Bibi, ushanga ni uleule. Kilichobadilika ni maji. Kwenye maji ya chemchemi, chembe za chumvi zimejipenyeza katikati ya chembe za maji, kwa hiyo mtungi uleule una uzito zaidi. Maji hayo yanaubeba. Haya ya mvua ni mepesi, hayauwezi. Tuyatie chumvi."

"Chumvi ya nani?" watu wakamcheka, maana Sikitu hakuwa hata na ya kutia kwenye mboga.

Zabibu alikuwa nayo. Aliipika kiangazi kizima ili aiuze ajenge nyumba yake. Akaimwaga yote, huku machozi yakimtoka. Chini maji yakakolea, ushanga ukainuka, ukainuka, halafu ukagoma katikati. Juu yake maji yalikuwa bado mepesi. Unaonekana, lakini haufikiki!

Ndipo Havijawa akaunganisha vikonyo vya majani ya mpapai, vile vyenye tundu ndani, akavishusha mpaka chini ya ufa. Akateka maji ya chemchemi, mtungi baada ya mtungi, mabega yakachubuka, akiyamimina kwenye kikonyo. Maji mazito yakajaa chini, mepesi yakamwagika juu ya mwamba, na ushanga ukapanda nayo mpaka mdomoni mwa ufa. Bi Tabu akauokota.

"Bila akili yangu mngekuwa mnachokoa mpaka sasa," Sikitu akasema.

"Akili peke yake haiinui kitu, dada. Mimi sina nyumba tena," Zabibu akajibu.

"Nyote mliuacha katikati. Mimi ndiye niliyeufikisha juu," Havijawa akasema.

"Na nani aliyeuzamisha?" wenzake wakamrukia.

"Hata Bibi aliamini hauzami! Ni nani kati yenu aliyewahi kunikanya?"

Bi Tabu akawatazama, anawapenda wote sawa, na ahadi ameshaitoa mbele za watu. Mikono mitatu imenyooshwa mbele yake, ushanga ni mmoja, na haugawanyiki.

Haya, mnaonisikiliza, msinikwepe: angeuweka kwenye mkono wa nani?