Msumari wa Mzee Mbonea

Sogeeni karibu. Nitasimulia polepole, maana habari hii ilianzia msibani.

Katika kijiji cha juu kabisa mlimani, jirani na theluji, waliishi ndugu watatu. Kirita, kaka mkubwa, alijua kutengeneza baridi kwa mikono yake. Dada yao Ndealilia aliweza kutazama maji siku nzima bila kuchoka. Eliamini, kitinda mimba, alifuata hesabu hadi mahali ambapo miguu haifiki.

Baba yao, mzee Mbonea, kila asubuhi alisoma kipimajoto kwa sauti, kisha akaomba. Alipofariki aliacha kipimajoto kipya kisicho na alama hata moja, ubao wa kukitundikia barazani, na msumari mmoja wa shaba. "Atakayepata sifuri, mahali pa kuanzia kuhesabu, aupigilie hapo ubaoni," alikuwa ameagiza. "Huyo ndiye atakayesoma na kuomba na mama yenu."

Lakini mama yao, Eliakunda, hakula wala kusema. Asubuhi ya mazishi alishika paji la uso la mumewe, na baridi ile haikumtoka mkononi. Alilala ameelekea ukutani, ngumi ameifumba.

Kirita alichanganya theluji na chumvi, akazamisha kioo cha kipimajoto. Zebaki ikashuka, ikatulia. "Baridi kuliko hii hatuwezi kuitengeneza. Sifuri ni hapa."

Ndealilia alikizamisha katika barafu iliyoanza kuyeyuka. "Chumvi yako kaka, leo nyingi, kesho kidogo. Maji ni yaleyale kwa kila mtu. Sifuri ni hapa."

Eliamini alifungia hewa kwenye chupa, akaipima ikisinyaa kadiri baridi ilivyozidi. Akapiga hesabu mpaka pale isipobaki hewa hata ya kusinyaa, pale ambapo kila kitu kimetulia. Alama yake ilipita mwisho wa kioo, ikapita ubao, ikazama sakafuni.

"Sifuri yako iko kuzimu!" Kirita akamcheka.

"Msumari utaupigilia kwa jembe," akaongeza Ndealilia.

Ndipo sauti ikatoka kitandani. "Wanangu, asubuhi ile baba yenu alikuwa na baridi ngapi?"

Wakakitazama kipimajoto. Ndealilia alikuwa amefunga uzi kwenye kioo, pale zebaki iliposimama asubuhi ile kando ya mwili wa baba.

"Kwa kipimo changu, chenye hatua ndogo ndogo, hamsini," alisema Kirita. "Mama, baridi kali naijua. Baba hakuikaribia."

Ngumi ya mama ikalegea.

"Kwangu ni kumi," alisema Ndealilia. "Hata tone la maji lisingeganda mwilini mwake."

Mama akageuka, akawatazama.

"Kwangu ni mia mbili themanini na tatu," alisema Eliamini. "Na sifuri yenyewe sijaona kitu kilichoifikia. Hata kaburini, mama, Mungu hajaacha kitu kitulie kabisa."

Mama akaketi. "Mia mbili themanini na tatu," akarudia taratibu, kama mtu anayeota. Akaomba uji, akaunywa wote, akajifunga kanga, akatoka hadi barazani kusimama mbele ya ubao.

"Nilimfumbua ngumi," alisema Kirita.

"Nilimgeuza."

"Nilimketisha."

Mama alinyoosha mkono ule ule uliokuwa na baridi. Msumari wa shaba ulikuwa kiganjani mwake, na ubao haukubali sifuri mbili.

Nanyi mnaonisikiliza, kama msumari ungekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?