Tone la Maji la Sultani Haidari

Hapo zamani, katika mji wa Kisimbo, alikuwako Sultani Haidari, ambaye magoti yalimshika hata asiweze kuinuka kitini ila kwa kuvutwa. Akaja tabibu mgeni, akamwambia, "Bwana wangu, dawa ni chembe ya mimba changa. Haijaamua kuwa mfupa wala nyama. Ikitiwa gotini, huwa goti."

Sultani akaogopa dhambi, akawauliza wanazuoni wake kama mimba hiyo ni mtu. Basi wakala pilau ya Sultani siku tatu, na siku ya nne wakatoa hati: "Si mtu. Ni tone la maji tu." Ikawa kila waziri mwenye mke mjamzito akampeleka shamba siku ileile, eti akapunge hewa.

Aliyebaki mjini ni Faki Mtanga, msuka mikeka asiye na kanzu ya pili, ambaye mkewe Mize alikuwa ameshika mimba baada ya kungoja miaka tisa. Askari wakamwamuru alete tone kabla ya adhuhuri. Mize akalia. Faki akatwaa kikombe, akatoka, akapita kisimani, akaenda zake barazani.

"Seyyid, tone nimelileta."

Tabibu akachungulia, akafoka, "Haya ni maji ya kisima!"

"Naam, tabibu. Hati yasema ni maji tu, nami maskini sijui kuchagua maji."

"Mpumbavu! Maji haya yataponya nini? Lile lina uhai ndani yake!"

"Uhai wa nani, bwana?"

Mwanachuoni mkuu akakohoa, akasema huenda hati yahitaji kuongezwa mstari.

"Iongezwe, shehe wangu," akasema Faki, "ila wake za mawaziri warudi kwanza kutoka shamba, wausikie ukisomwa."

Sultani akawageukia mawaziri, akawakuta wote wakitazama viatu vyao. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikamkatika, akaona haya. Akaichana hati kwa mkono wake, akamvika Faki joho.

Mize alipojifungua binti, tabibu akaja mwenyewe, akavua viatu mlangoni, akaomba, kwa goti la Sultani, damu ya kitovu kilichokwisha kukatwa. Mize akampa. Kama goti lilipona, waliotusimulia hawakusema. Walisema tu kwamba safari hiyo mwenyewe aliombwa, hakuamriwa.