Pimbi na Samaki Aliyesema Salama

Paukwa!

Pakawa!

Sahani!

Ya mchele!

Aa, leo si ya mchele. Leo sahani ina macho, ina mapezi, inaogelea. Sogeeni basi. Wadogo mbele, wakubwa nyuma, na anayetafuna mahindi atafune polepole nisikike.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanafugana wao kwa wao, alikuwako Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mdogo kama sungura, masikio mafupi, mkia hana. Kazi yake kubwa ni kuota jua. Baridi ya asubuhi ikimkamata, hafanyi neno mpaka jua limpashe mgongo.

Pimbi huyu alikaa kwenye mlima wa mawe. Watoto wake walikuwa wamekua, wamehamia miamba ya mbali, nyumba imebaki kimya. Kimya kilipomzidi, akajitafutia wa kusema nao. Kati ya miamba miwili palikuwa na kidimbwi, na maji yakiingia kutoka juu, tiriri, tiriri, tiriri. Pimbi akatia samaki humo. Akatia Perege na ukoo wake wote. Akatia dagaa. Akatia Ningu, yule samaki mwenye midomo ya kunyonya, anayelamba utelezi wa kijani kwenye mawe mpaka mawe yanang'aa.

Wote humo humo. Wakala, wakanenepa. Na Pimbi akaanza kujisifu.

"Samaki? Samaki hawana kazi," aliwaambia waliopita. "Watie majini, watupie chakula, basi."

Siku moja, puu! Korongo akatua juu ya mwamba. Shingoni ananing'iniza kibuyu kikubwa.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Korongo. Umebeba maziwa?"

"Nimebeba samaki."

Pimbi akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe? Samaki kibuyuni? Si huwa unawabeba tumboni?"

"Hawa ni amana," Korongo akasema, uso mkavu. "Mto wao wa mbali umekauka. Wakaniomba niwatafutie maji, nikaapa nitawafikisha. Tumbo langu linanguruma njia nzima, nami nalikemea, nyamaza wewe! Nawapeleka kwenye chemchemi ya maji moto, nyuma ya mlima huu."

Pimbi akachungulia kibuyuni. Lo! Samaki wa duara, wembamba, kama sahani iliyosimamishwa kwa ubavu. Wekundu wa udongo mbichi, na juu yake michirizi ya buluu imejikunja kunja kama hina ya bibi harusi. Walikuwa wamebanana, ubavu kwa ubavu, kimya. Mmoja, mdogo kuliko wote, akainua jicho akamtazama Pimbi.

Basi, moyo wa Pimbi ukaondoka papo hapo.

"Bwana Korongo, niachie huyu mdogo."

"Hawa hawakai mmoja mmoja. Tena wanataka maji ya uvuguvugu, yasafishwe kila mara, na majirani wapole."

"Aa, samaki ni samaki! Kwani mimi mgeni wa kazi hii? Hebu waone wangu walivyonenepa."

Korongo akatazama kidimbwi. Akatazama na nyumba ya Pimbi, ilivyo tupu. Korongo miguu yake mirefu, lakini moyo wake mwepesi.

"Haya. Ila akikushinda, mlete chemchemi. Usione haya."

Chubwi! Yule mdogo akaingia kidimbwini. Pimbi akamwita Sahani.

Asubuhi yake, kabla hata ya kuota jua, Pimbi alikuwa ukingoni.

"Umeamkaje, Sahani?"

"Salama, mama."

Aliitwa mama! Pimbi akarudi juani anatabasamu peke yake. Akakamata viluwiluwi vya mbu, akavimwaga majini, pwaa! Perege na ukoo wake wakaja mbio, vuru vuru, vuru vuru, maji yakachafuka. Sahani naye akaja. Taratibu, kwa adabu zake, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Alipofika, hamna kitu.

Kesho yake, "Umeamkaje, Sahani?"

"Salama, mama."

Pimbi akaona mgeni hali chochote. Akafanya nini? Akaongeza chakula. Pwaa! Pwaa! Perege wakala wakashiba, wakakohoa. Kilichobaki kikazama, kikalala chini, kikaoza. Maji yakawa kama uji uliolala.

Kesho kutwa, "Umeamkaje, Sahani?"

"Salama, mama." Lakini sasa sauti ilitoka nyuma ya jiwe, nyembamba kama ya mbu.

Wekundu ulikuwa umeondoka. Michirizi ya buluu imefifia. Sahani amekuwa mweusi kama masizi ya sufuria, mapezi ameyabana, ameinamia upande mmoja.

"Ana nini huyu?" Pimbi akamwuliza Perege.

"Anaringa," Perege akasema, mdomo umejaa. "Mzuri wa sura, basi anataka abembelezwe. Mwache, njaa itamfundisha."

Pimbi akajaribu kuamini. Maana mtu akishajisifu mbele za watu, ni vigumu kukiri kuwa kuna jambo hajui. Akaenda kukaa. Akainuka. Akaenda tena kuchungulia. Akarudi. Hivyo hivyo kutwa.

Kisha ikaja asubuhi ya mawingu. Jua halikutoka. Pimbi alilala juu ya mwamba wake anatetemeka, meno tata-tata-tata, miguu haitaki kuinuka. Na hapo, baridi ikiwa imemshika mpaka mifupani, likamjia wazo. Akajikokota mpaka kidimbwini. Akatumbukiza mkono wote, hadi begani.

"Uwi!"

Maji yalikuwa baridi kuliko hewa. Maji yalikuwa yanang'ata.

Hakuutoa mkono. Akauacha humo humo, akaita polepole, "Sahani. Njoo hapa mwanangu."

Sahani akaja upande upande, akajilaza kwenye kiganja chake.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo, mama."

"Kidogo kiasi gani?"

Pimbi akakunja kiganja kumkinga, anangoja.

"Sana, mama."

"Na njaa?"

"Sana, mama."

"Na hapa ubavuni pamechubuka, umefanywa nini?"

Sahani akatazama chini. Lakini Ningu alikuwa karibu, akasikia, akaanza kurudi nyuma nyuma.

"Ningu!" Pimbi akaita.

"Mama, mimi... hasogei yule! Amesimama pale pale mchana kutwa. Nilidhani ni jiwe. Tena nikamlamba, nikaona jiwe hili lina ute mtamu kuliko mengine yote."

Pimbi hakujua acheke au alie. Akalia.

"Mbona hukuniambia, Sahani? Kila siku nakuuliza, kila siku unasema salama!"

"Ulinipokea vizuri, mama. Mimi ni mgeni. Mgeni atasemaje kwamba maji ya mwenyeji ni baridi?"

Jamani. Maneno hayo yalimwingia Pimbi kuliko ile baridi.

Mawingu yalipofunguka, kazi ikaanza. Pimbi anayajua mawe. Anajua lipi linashika joto na lipi linaliachia haraka. Akachagua yale meusi, yaliyookwa na jua, akayasukuma. Gugu, gugu, gugu, chubwi! Likipoa, analitoa, anatia jingine. Akachukua kibuyu, akachota maji machafu, akamwaga. Akaanika maji mapya juani, yalipopata uvuguvugu akayatia. Kesho tena. Kesho kutwa tena. Akatia na majani makavu, maji yakawa na rangi ya chai, kama ya mto ule wa mbali aliousimulia Sahani.

Likabaki la Perege.

"Perege, baba, wewe una haraka. Mwenzako akiwa bado anafikiria kula, wewe umeshasahau ulichokula. Hamwezi kula sinia moja."

Perege akavimba mapezi. "Ahaa! Sisi tumeishi hapa siku zote, leo tufukuzwe kwa ajili ya mtoto wa juzi?"

Na hakika, Pimbi aliona neno hilo lina haki yake. Perege hakufanya kosa. Perege alikuwa anakula kama Perege.

"Sikufukuzi," akamwambia. "Nakuchimbia kwako. Nisipokuchimbia kuzuri kuliko hapa, utabaki hapa."

Pimbi hana kucha za kuchimba. Vidole vyake ni butu kama kwato. Akachimba hivyo hivyo, chini kidogo ya kidimbwi, kwaru kwaru, kwaru kwaru, vidole vikatoka damu. Perege akasimama juu kutazama. Siku ya kwanza akanuna. Siku ya pili akaanza kuelekeza, "Hapo panua kidogo. Hapo weka tope, wanangu wanapenda tope." Bwawa lilipojaa, likawa pana, lina magugu pembeni, na maji ya juu yakifurika yanalishukia. Perege akahama na ukoo wake wote, na kuanzia siku hiyo akawaambia wapita njia kuwa bwawa lile amelichora yeye. Ningu akamfuata huko, kwenye mawe ya kweli.

Juu wakabaki dagaa, wadogo, wapole. Sahani akala. Akala taratibu, akala akashiba. Wekundu ukarudi kidogo.

Kidogo tu. Maana Pimbi alianza kuona jambo. Sahani alikuwa anakwenda kwenye maji matulivu, pale uso wa mwamba unapong'aa kama kioo, anatazama kivuli chake. Anakisogelea. Kivuli kinamsogelea. Anakiwekea ubavu, kama walivyobanana kule kibuyuni.

"Sahani," Pimbi akasema. "Niambie, tena usinistahi."

"Nawakumbuka wenzangu, mama."

Basi hapo maji ya moto hayasaidii, na chakula hakisaidii. Pimbi akakaa ukingoni, akaitazama ile nyumba yake yenye kimya. Akajua itakavyokuwa asubuhi bila mtu wa kumwitikia. Akakijaza kibuyu maji ya uvuguvugu.

"Ingia, mwanangu. Twende kwenu."

Akajitwika. Mlima mrefu, njia mbaya. Akapanda, akapumzika. Akapanda, akapumzika. Kila alipopumzika akaweka kibuyu juani kisipoe, na kikizidi joto akakivuta kivulini, akaingiza kidole kupima.

Wakafika chemchemi, mvuke unapanda. Korongo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

"Amenishinda, Bwana Korongo," Pimbi akasema. "Nilijifanya mjuzi. Nimemleta."

Akainamisha kibuyu. Chubwi! Wale wenzake wakaja, duara duara duara, wakamzunguka, ubavu kwa ubavu. Na rangi ya Sahani, jamani! Iliwaka kama taa iliyotiwa mafuta. Pimbi hajawahi kumwona vile. Akatazama mpaka macho yakajaa, kisha akageuka aende zake.

"We Pimbi," Korongo akaita. "Maji yako siku hizi yakoje?"

"Ya uvuguvugu. Nayapasha kwa mawe."

"Unayabadilisha?"

"Kila siku."

"Na Perege?"

"Nimemchimbia kwake. Juu wapo dagaa tu."

Korongo akashusha mguu wa pili. Akaingiza mdomo majini, akanong'ona na wale samaki. Wakanong'onezana wao kwa wao, na hapo chemchemini walikuwa wamesongamana kweli, maana wengine walishazaa. Sahani akaibuka.

"Mama, tukiwa wengi utatuweza?"

"Wengi kiasi gani?"

"Mimi, na watano hawa."

Pimbi alifanya nini? Alikuwa ameshashika kibuyu, anakisuuza.

Wakaja. Wakaishi. Na kila asubuhi zikawa kelele: mama, maji yamepoa! Mama, mwambie huyu asogee! Mama, leo viluwiluwi viko wapi? Pimbi akawa anakimbia huku na huko analalamika kuwa hapumziki, na mwenyewe amenenepa kwa furaha.

Mvua zilipokwisha, akaenda ukingoni akashtuka. Ubavuni mwa Sahani, na ubavuni mwa mwenziwe, vimeng'ang'ania vidudu, vidogo, vyeusi, tele kama ufuta.

"Sahani! Umepatwa na nini? Kupe hao! Ngoja niwatoe!"

"Mama, usiwaguse!" Sahani akacheka, mapovu yakapanda bulu-bulu-bulu. "Hao ni wajukuu zako. Wananyonya."

"Wananyonya? Samaki wananyonya?"

"Sisi ndivyo tunavyolea, mama. Tunatoa ute ubavuni, wanakula. Mimi nikichoka, baba yao anawapokea. Tazama."

Sahani akajitikisa kidogo. Wale wadogo wakaachia wote kwa pamoja, wakavuka kama wingu la vumbi, wakamng'ang'ania baba yao.

Pimbi akakaa chini. Jua lilikuwa limeshatoka, na mwamba wake wa kuota unamngoja, wala hakuukumbuka. Akaegemeza kidevu ukingoni, akawatazama wakivuka, wakirudi, wakivuka.

Basi, wakubwa kwa wadogo, mafunzo ya ngano hii ni haya. Ukimpenda mtu, usimpe kile unachodhani kinamtosha kila mtu. Mwulize yeye anahitaji nini. Na akisema salama, kaa naye karibu mpaka aone anaweza kukuambia kweli.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyesinzia amwombe jirani yake amsimulie, na jirani asipunguze hata neno.