Watu wa Kidimbwi Wahamia kwa Sultani

Hapo zamani, wakati wenye nguvu walipokuwa hawajajifunza kubisha hodi, na mpaka leo wengine hawajajifunza, palikuwa na Sultani Mardadi, mwenye askari elfu saba na mizinga ya shaba. Jirani yake ilikuwa nchi ya Kidimbwi, ndogo hata jogoo akiwika upande huu, upande wa pili wanaamka. Haikuwa na jeshi. Ilikuwa na mtama, mbuzi na matope mengi.

Basi Sultani akaitamani, akampelekea Jumbe wa Kidimbwi waraka: "Nasikia huna ulinzi, nami nakuonea huruma. Niletee mtu aape mbele ya kadhi wangu kwamba mimi nanyi hatuna mpaka, nyumba yetu ni moja, nije nikulinde. Akikataa, nitakuja na mizinga."

Jumbe akalia mbele za watu, maana kukubali ni kuliwa na kukataa ni kuliwa. Ndipo akasimama Chande, msuka mikeka, fukara asiye na kanzu ya pili, ambaye watu walimhesabu punguani.

"Nitume mimi, Jumbe," akasema. "Kichwa changu kikipotea hakuna atakayekitafuta."

Chande akafika barazani kwa Sultani, akapiga magoti. "Ewe Sultani, kwa hiyo nyumba yangu ni yako?"

"Ni yangu."

"Na nyumba yako ni yangu?"

Sultani akacheka hata kilemba kikamlegea. "Naam, ni yako! Kadhi, mwandikie punguani huyu hati, nitie muhuri!"

"Basi naapa," akasema Chande.

Usiku uleule akarudi Kidimbwi na hati yake, akawaeleza watu la kufanya. Kulipokucha, jeshi zima likatoka, Sultani mbele, likaingia Kidimbwi kwa njia kuu. Na watu wa Kidimbwi wote, vikongwe na vitoto, mbuzi na magunia, wakatoka kwa njia ya vichakani, wakaenda zao mjini kwa Sultani. Ikawa askari hawakukuta mtu wala punje. Mizinga ikazama matopeni, mbu wakawafaidi usiku na mchana. Siku ya tatu Sultani, njaa ikimkata, akamwuliza amiri wa jeshi, "Tumemshinda nani?"

"Tulimkuta jogoo mmoja, bwana wangu, naye ametukimbia."

Basi wakarudi kwao, matope hadi magotini. Langoni wakamkuta Chande amevaa joho la Sultani juu ya matambara yake.

"Karibu nyumbani, ndugu," akasema. "Lakini piga hodi kwanza, akina mama wanaoga."

Sultani akapiga hodi kwake mwenyewe. Alipoingia, akaona mbuzi amefungwa kwenye mguu wa kiti cha enzi, na uani, juu ya zulia la kifalme, kikongwe aitwaye Bi Mize ameanika mtama.

Sultani akanguruma, "Mkateni Chande kichwa!"

Kadhi akaifungua hati aliyopewa na Chande. "Bwana wangu, muhuri ni wako. Mtu hachinjwi kwa kukaa nyumbani kwake."

Askari wakaanza kucheka chini kwa chini, kisha kwa sauti, na Sultani akaona aibu isiyo na kifani.

"Mnataka nini ili mniondokee?"

"Mpaka, ndugu yangu. Mpaka tu, tena wa maandishi."

"Andika, kadhi! Andika upesi! Na uusogeze hatua elfu upande wangu, nisisikie tena hata mlio wa mbuzi wao!"

Basi nchi ndogo ikatoka vitani imenenepa, bila kurusha hata jiwe. Jumbe akamkumbatia Chande, wakalia wote wawili kwa furaha. Lakini Bi Mize akakataa kuondoka.

"Mtama wangu haujakauka," akasema, "na wingu lile silipendi."

Ikawa Sultani Mardadi, bwana wa askari elfu saba, akapiga magoti juani, akaugeuza mtama kwa mikono yake, na Bi Mize akimwelekeza: "Si hivyo, mwanangu. Tandaza."