Jiwe la Mboni

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mmeisikia methali hii mkacheka, kwa kuwa usufi ni mwepesi, hata mtoto huubeba. Haya, kaeni mjue ilikotoka. Ilianza namna hii.

Palikuwa na mtu akiitwa Mhina, aliyefiwa na mkewe Mboni. Kwa desturi ya kwao Mboni, mke akifa, mume hulirudisha jiwe lake la kusagia kwa mama mkwe kabla matanga hayajaondolewa. Hulibeba mwenyewe, hasaidiwi, na njiani hataji alichobeba. Asipowahi, wakwe husema binti yao alitupwa.

Mhina akalitia jiwe ndani ya kanda, akajitwika mgongoni. Nyikani kulikuwa na nyati, na mto haukuvukika bila watu kushikana mikono, kwa hiyo akafuatana na wachuma usufi waliokuwa wakirudi kwao, upande uleule wa akina Mboni. Kila mmoja alikuwa na kanda mgongoni, kubwa kama lake. Hakuna aliyemwuliza kitu.

Jua lilipokuwa kali, Mhina akaanza kubaki nyuma. Mbele alisikia wenzake wakipiga soga. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Kamba ilimchimba mabega. Angekuwapo Mboni, angemwuliza kama amechoka.

"Wewe bwana!" Kupaza, kiongozi wao, alipaza sauti. "Ikiwa usufi unakulemea hivyo, ungepewa mahindi ingekuwaje?"

"Mwacheni," mwingine akadakia. "Huyo kwao hubebewa na mkewe!"

Wakaangua kicheko. Mhina akauma mdomo, akaendelea kutembea.

Alipofika mtoni, wenzake walikwisha kukunja nguo.

"Maji yanapanda, tunavuka," alisema Kupaza. "Mwenye kujikokota atalala na nyati."

"Ningojeni nipumue kidogo, ndugu zangu. Nina matanga ng'ambo, yanaondolewa leo."

"Upumue kwa lipi? Lete hapa nilirushe ng'ambo hilo kanda lako!"

Kupaza akalinyakua kwa mkono mmoja, kama alivyozoea kunyakua la kwake. Kanda likamvuta hadi chini, akapiga goti matopeni. Mdomo wa kanda ukafunguka, jiwe likaonekana, limelika katikati kwa mikono ya miaka mingi, na unga bado umeganda pembeni.

Hakucheka mtu.

"La nani hili?" Kupaza aliuliza polepole.

Mhina alipiga magoti, akalifuta tope kwa shuka yake.

Kupaza akamtazama, akakumbuka matanga aliyoyataja, akaelewa. "Lete nikupokee, ndugu yangu."

Mhina akatikisa kichwa.

"Basi tangulia wewe. Sisi tutafuata mwendo wako."

Wakamvusha wakimshika huku na huku. Jiwe halikupungua uzito hata chembe. Ila sasa, kila Mhina alipopunguza mwendo, alisikia nyuma yake miguu ya watu ikipunguza pia.

Walifika matanga hayajaondolewa, wanawake wangali wameketi mikekani. Mama yake Mboni akalipokea jiwe, akalipakata kama mtoto.

"Pole, mwanangu. Lilikuwa zito?"

Ndipo Mhina alipolia. Tangu alfajiri hakuna aliyekuwa amemwuliza hivyo.

Kupaza akajibu kutoka mlangoni, kichwa ameinamisha:

"Utusamehe, mama. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."