Sauti Ndani ya Fuvu la Bibi

Hapo zamani za kale, wanangu, kabla mimi na nyinyi hatujatiwa katika hesabu ya walio hai, palikuwa na ukoo mmoja wa tembo uliogawanywa na vita. Baadhi walikaa kaskazini, baadhi kusini, na katikati likabaki pori la mifupa ambalo hakuna aliyelikanyaga. Kaskazini walikuwa na maji ya chumvi lakini hawana kuni. Kusini walikuwa na kuni, ila chakula chao kilikuwa chapwa. Kubadilishana? Thubutu!

Ndani ya pori hilo aliishi Nguchiro na vitoto vyake, ambavyo havijafumbua macho. Asubuhi moja ya ukungu akasikia ardhi ikitetemeka, ndi, ndi, ndi. Tembo wa pande zote mbili walikuwa wanakuja kunyang'anyana maji na kuni.

"Wapiganapo tembo nyasi huumia," akajisemea kwa hofu, "na leo nyasi ni wanangu."

Akachupa, chupu, ndani ya fuvu la marehemu bibi yao wale tembo, lililolala hapo kati ya mifupa. Akanguruma humo, sauti ikatoka nzito: "Gombera! Katumbo kangu!"

Mzee Gombera wa kaskazini akasimama ghafla. Ni marehemu bibi tu aliyemwita hivyo utotoni. Nguchiro aliyajua majina hayo ya utotoni kwa mama yake, aliyekuwa jirani wa bibi huyo.

"Nawe Tindo, Kasikio kangu! Mmoja alete maji, mwingine kuni. Pikeni chumvi hapa, mgawane."

"Labeka, bibi," akaitikia Mzee Tindo wa kusini.

Wakaipapasa mifupa kwa mikonga, desturi ya kwao waliyoiacha tangu vita, huku machozi yakiwatoka. Kisha moto ukawashwa, chungu kikatokota, tok, tok, tok. Chumvi ikapatikana, nyeupe pe.

Nguchiro akajitokeza kudai fungu lake.

"Karibu, bwana mdogo," akasema Tindo. "Mkia wako ulichungulia kwenye tundu la jicho tangu mwanzo."

Nguchiro akanywea. "Basi mbona hamkunikanyaga?"

"Tungekukanyaga," akasema Gombera taratibu. "Lakini ulipomwita Kamea, nguvu zilituisha. Ni mdogo wetu. Alizaliwa vitani, akafa siku hiyo hiyo. Jina lake hatujapata kulitaja mbele ya mtu."

Manyoya yakamsimama Nguchiro.

"Wazee wangu, mimi nimeita majina mawili tu."

Gombera akachota chumvi, akaiweka kando ya fuvu, wakarudi nyuma wote. Ukungu ukaifunika. Humo ndani ya ukungu wakasikia ulimi mdogo ukilamba, lap, lap, lap.

Ndugu wakipatana, wanangu, hata wafu wao huja na kapu.