Turubai la Nyota la Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Hao walioitika ni watoto. Wakubwa mmekaza midomo kana kwamba hadithi hii haiwahusu. Inawahusu, tena sana. Paukwa tena!

Pakawa!

Haya. Sasa tuko pamoja.

Hapo zamani za kale, kale hasa, wanyama walipokuwa wakishona nguo zao wenyewe, palikuwa na Kanga. Si kanga ya kujifunga kiunoni, la. Kanga ndege, mwenye madoadoa na kichwa kidogo. Bi Kanga alikaa Bonde la Matete, na alikuwa ametoka tu kuangua. Vifaranga wake walikuwa wadogo, wadogo, kila mmoja kama kiganja cha mtoto.

Sasa sikilizeni. Kifaranga wa kanga akiwa mkavu, humwezi. Anakimbia, anapekua, anauliza maswali. Akilowa, basi. Baridi inamwingia mifupani, anasinzia, haamki. Kila mama wa bonde lile alilijua hilo. Bi Kanga alilijua kuliko wote.

Bonde la Matete lilikuwa na mambo mawili makubwa.

Jambo la kwanza, shindano la darizi. Kila Ijumaa, jua likianza kupoa, mabibi wa bonde walikutana penye kichuguu, kila mmoja na kitambaa alichokidarizi. Mwenye shindano alikuwa Bi Korongo. Miguu yake mirefu, shingo yake ndefu, maneno yake marefu zaidi. Kila wiki yeye ndiye aliyetoa jambo la kudarizi. Wiki hii ua. Wiki ijayo samaki. Wiki moja alisema upepo. Upepo! Mtu anadarizi upepo vipi? Lakini walidarizi. Nungu alitoa miiba yake ikawa sindano, wakadarizi upepo, wakasifiana.

Na ukikosa wiki moja, moja tu, walikuimbia:

Sindano hailali, hailali,
Aliyelala uzi umemkatikia!

Walikuimbia njiani. Walikuimbia kisimani. Walikufuata wakikuimbia mpaka mlangoni kwako. Bi Kanga alikuwa hajawahi kuimbiwa hata siku moja, na aliona afadhali ale mchanga.

Jambo la pili, kambi. Kila mwaka mvua za vuli zikikaribia, siafu walipita bondeni. Siafu hawabishi hodi. Wanaingia, wanakula, wanaacha mifupa. Kwa hiyo bonde zima lilifunga virago, likapanda mlimani, likapiga kambi huko mpaka siafu wapite. Mkuu wa kambi alikuwa Bwana Pelele, mnyama asiye na mkia lakini mwenye amri nyingi.

Bwana Pelele alipanda juu ya jiwe, akagawa kazi.

"Nguruwe, vigingi! Nyani, kamba! Kobe…"

"Mimi nina nyumba yangu," akasema Kobe.

"Haya, wewe kaa. Bi Kanga, turubai! Limechanika katikati. Liunge. Kisha lipake nta ya nyuki, juu na chini, gubigubi. Maji yasipate hata mlango wa sisimizi. Vifaranga wako watalala humo, na watoto wa wenzako pia."

"Nimesikia, bwana."

"Tunaondoka Jumamosi asubuhi."

"Nimesikia, bwana."

Hajamaliza kusikia, Bi Korongo akatokea, tyu, tyu, tyu, anatembea kama ardhi inamchafua.

"Mabibi! Wiki hii tunadarizi mbingu. Nataka tafakuri. Nataka upeo. Nataka kina."

Nungu akamnong'oneza Bi Kanga, "Anataka nini?"

"Anataka mbingu, shoga yangu."

Basi Bi Kanga akaingia kazini. Mguu mmoja umeshika uzi, mguu mwingine umeshika turubai. Akashona hapa, akaacha. Akadarizi pale, akaacha. Akaanika mtama wa safari. Akakumbuka uzi. Akarudi kwenye uzi. Mtama ukaliwa na njiwa. Chwi chwi chwi, "Mama, njaa!" Chwi chwi chwi, "Mama, kaka amenikanyaga!" Akajichoma sindano. Akatukana. Watoto, msiniulize alitukana nini.

Nungu akaja kumtazama, akamkuta amekaa katikati ya nyuzi kama nzi ndani ya utando.

"Shoga, utakufa. Acha shindano wiki hii."

"Niimbiwe?"

"Basi mwambie Pelele ampe mwingine turubai."

"Waseme nimeshindwa?"

"Sasa utafanyaje?"

Bi Kanga akatazama kitambaa chake cha mbingu, bado kitupu. Akatazama turubai. Akatazama kitambaa. Akatazama turubai. Macho yakamtoka.

"Nungu! Turubai si kitambaa?"

"Ni kitambaa."

"Na kitambaa si cha kudarizi?"

Nungu akasimama, miiba yote juu. "Shoga! Wewe una akili mpaka unatisha."

Kweli ilitisha.

Mnazijua kofia za bwana harusi, zile za kazi ya mkono? Zimejaa vitobo vidogo vidogo, kila kitobo kimezungushiwa uzi, ili kichwa kipate hewa. Basi hiyo ndiyo darizi aliyoijua Bi Kanga. Mama yake alimfundisha, bibi yake alimfundisha mama yake. Akaliunga turubai, vizuri, sikatai. Kisha akaanza kutia nyota. Toboa! Zungusha. Toboa! Zungusha. Nyota kubwa, nyota ndogo, kilimia kikaja, kikundi kizima. Toboa! Zungusha. Toboa! Zungusha.

Alipomaliza akachukua nta. Akapaka pembeni, kidogo tu, kujaribu. Akatoa ukelele. Uzi wake mweupe uliokuwa uking'aa umekuwa rangi ya maji ya kuoshea sufuria! Akakifunika kibuyu cha nta. Akakisukuma uvunguni. Kwa mguu.

Watoto, naona mnanitazama. Mmeshaona, siyo? Ngojeni. Na wao waliona.

Ijumaa ikafika. Turubai likatundikwa kati ya miti miwili, jua liko nyuma yake. Loo! Mwanga ukapenya kila kitobo. Nyota zikawaka mchana kweupe. Bonde zima likashika vifua.

"Lahaula!"

"Masalale!"

"Mama yangu wee!"

Bi Korongo akarefusha shingo mpaka watu wakaogopa itakatika. "Hii," akasema, "hii si darizi. Hii ni mbingu inayojitafakari. Tazameni jinsi mwanga unavyopita!"

"Unapita!" wakaitika wote.

"Hakuna kinachouzuia!"

"Hakuna!"

Bwana Pelele naye akaja kulikagua turubai lake. Akalizunguka mara moja. Akatia ukucha kwenye kitobo, ukucha ukatokea upande wa pili. Akautazama ukucha. Akafungua mdomo. Akawatazama watu, wanapiga vigelegele. Akafunga mdomo.

"Hongera, Bi Kanga," akasema.

Nungu je? Nungu alikuwa anazunguka akiwaambia watu, "Sindano zangu hizo. Mwiba wa mgongoni, si wa mkiani."

Bi Kanga akashinda. Alivimba kichwa, na kichwa chenyewe mnakijua kilivyo kidogo.

Jumamosi wakapanda mlima. Kukwea, kukwea, kupumzika. Kukwea, kukwea, kupumzika. Walipofika juu wakapigilia vigingi, ko! ko! ko! Wakakaza kamba, wakasimamisha turubai. Watoto wote wakaingizwa ndani, vifaranga katikati, penye joto. Mabibi wakaingia, wakainua macho kutazama nyota. Wakaguna kwa raha.

Alasiri, mawingu yakaja. Meusi. Mazito. Guuu, guuu.

Ndo!

Tone la kwanza likamwangukia Bi Korongo kwenye mdomo. Akasema, "Nadhani ni umande."

Umande, alasiri!

Ndo! Ndo! Ndondondondo! Papapapapa! Mvua ya vuli ikashuka yote pamoja, kama imesukumwa. Na kila nyota ikashusha maji yake. Nyota kubwa, maji mengi. Nyota ndogo, maji ya kutosha. Kilimia ndiyo usiseme, kilikuwa kinamwaga kama kata. Ndani ya hema palinyesha kuliko nje! Kobe peke yake alikuwa amejifungia kwake, husikii hata pumzi.

"Tumekwisha!" akapiga kelele Nyani.

"Funika watoto!"

"Kwa kitu gani? Vyote vimelowa!"

Chwi chwi chwi chwi!

Bwana Pelele akapata akili, ingawa imechelewa. "Udongo! Ule mfinyanzi pale, umeshakuwa tope! Chukueni tulipake juu, tuzibe!"

Nguruwe akachota tope. Nungu akachota tope. Wakakimbilia turubai. Na hapo, jamani, hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mpaka leo likisimuliwa watu wanashika vinywa.

Bi Kanga aliruka akatua juu ya hema, mbele yao. Akatandaza mabawa yote mawili juu ya turubai.

"Msithubutu! Mtaniharibia kazi! Ngojeni kidogo. Pengine itakatika."

Wakaganda. Tope linawachuruzika, mvua inawapiga. Nguruwe, ambaye hashangazwi na kitu, alidondosha tope lake.

Nungu akasema polepole, "Shoga. Mabawa yako yako wapi?"

Bi Kanga akatazama bawa la kulia. Liko juu ya nyota. Akatazama bawa la kushoto. Liko juu ya nyota. Akatazama chini, kupitia kitobo alichokitoboa mwenyewe. Vifaranga walikuwa wamekumbatiana majini. Chwi chwi, wanalia. Kisha yule mdogo kabisa akaacha kulia. Akainamisha kichwa, kama anayesinzia.

Mimi nimeshasikia radi. Nimeshasikia mti mkubwa ukianguka. Sijasikia kelele kama kunyamaza kwa kifaranga yule.

Bi Kanga hakupiga ukelele. Alishuka, akachota tope kwa miguu yote miwili, akalirusha juu ya kilimia. Pa! Akachota tena. Pa! Nyota kubwa, pa! Nyota ndogo, pa! Akapaka kwa mguu, akapaka kwa kifua, akapaka kwa mdomo. Wengine wakamfuata. Pa! Pa! Pa! Mbingu yote ikazimika. Ndani ya hema, ndondondo ikawa ndo, ndo. Ndo ikawa kimya.

Akaingia. Akamweka yule mdogo chini ya kifua chake, na wengine wakajisukuma kandokando. Akakaa. Bonde zima limesimama, linatazama manyoya yake. Hakuna kinachotikisika. Wakasubiri. Bi Korongo aliikunja shingo yake yote ndefu kifuani.

Wakasubiri.

Kisha manyoya yakatikisika. Kichwa kidogo kikachomoza, jicho moja limefumbuka.

"Mama," kikasema, "njaa."

Watu wazima walilia, jamani. Nguruwe alilia kwa sauti.

Bi Kanga alipomlisha mwanawe, aliinua kichwa. "Mliona vile vitobo?"

Bwana Pelele akautazama ukucha wake.

"Nawauliza. Mliona?"

"Niliona," akasema Bwana Pelele. "Niliingiza ukucha. Lakini kila mtu alikuwa anapiga vigelegele. Nikajiuliza, mimi nani?"

"Wewe ni mkuu wa kambi!"

"Niliona," akasema Nungu. "Lakini sindano zilikuwa zangu."

Bi Korongo akakohoa. "Mimi niliona mwanga. Sikuufuatilia zaidi ya hapo."

Bi Kanga akamfunika yule mdogo vizuri. "Na mimi niliona," akasema. "Mimi ndiye niliyevitoboa. Na nta iko nyumbani, uvunguni."

Mnadhani yameisha? Ngojeni mshangae tena.

Ijumaa iliyofuata, bado wako mlimani, Bi Korongo akaita shindano. Ndiyo, shindano! Siafu chini, mvua juu, shindano palepale. Akapita akikagua, akafika kwenye turubai la Bi Kanga. Tope limekauka, limepasuka pasuka, limeshikana na majani. Bi Korongo akasimama. Akainamisha shingo kulia. Akaiinamisha kushoto.

"Ujasiri ulioje!" akasema. "Mbingu iliyozikwa! Bi Kanga, umetupita tena."

"Ni tope, Bi Korongo."

"Naam, lakini linasema nini?"

"Linasema mvua isipite."

"Kina! Kina kirefu!" akasema Bi Korongo, na machozi yakamlengalenga.

Na Ijumaa ya tatu, nawaapia, kila bibi wa bonde lile alikuja na kitambaa chake kizuri, amekipaka tope. Nungu alileta viwili. Wakasimama kwenye mstari, wanachuruzika, wanasubiri kusifiwa.

Bi Kanga aliwatazama mmoja mmoja. Akatazama mawingu. Kisha akageuka, akaingia hemani mwake, akavuta pazia. Humo vifaranga walikuwa wamelala, wakavu, na yule mdogo alikuwa anakoroma.

Haya. Mafunzo ni haya, na sitayazungusha. Ukipewa kitu ukitengeneze, uliza kwanza kitafanya kazi gani. Mapambo yatakuja baadaye, au yasije. Na ukiona tundu kwenye kazi ya mwenzio, sema tundu. Ukisema nyota, siku ya mvua na wewe umo ndani.

Hadithi yangu imeishia hapo. Uzi nimekata, sindano nimechomeka ukutani. Anayetaka kushona, achukue.